Shahidi wa Makokha

Benchi letu lilikuwa mtaa wa Bondeni, mbele ya chumba cha Mzee Faraj muuza kahawa, mahali ambapo kiangazi upepo wa ziwani hukumwagia vumbi jeupe la magadi ndani ya kikombe na bado unakunywa. Mwaka huo wa hamsini na saba tulikuwa watatu wa kudumu. Nyongesa tulimwita Reli, kwa sababu alitupia injini makaa mpaka mgongo ukakataa. Hiram tulimwita Wakili, kwa sababu alifagia mahakama ya mji na maneno ya huko yakamganda. Mimi nashona viatu, kibanda changu kiko hapo kando ya benchi. Wananiita Pilipili, na sijui kwa nini. Siku hiyo alikuja Makokha, karani wa mizani katika stoo ya mahindi karibu na stesheni, amevaa koti na fomu iko mkononi. Stoo ilikuwa inapunguza watu, na yeye alikuwa anaomba kazi kwa wakaguzi wa hesabu za serikali, wale tuliowaita maodita. Fomu ilikuwa imejaa kote isipokuwa mahali pa shahidi, na ilikuwa lazima ipande treni ya jioni ya Nairobi.

RELI: Odita! Bwana Makokha, wewe unajua odita ni mtu gani? Mimi nilimvuta mmoja mpaka Eldoret. Stesheni masta wa Molo alimwona tu dirishani, akaanza kukiri mambo hata hajaulizwa.

WAKILI: Hiyo ni ndogo. Kule mahakamani aliingia odita, hakimu mwenyewe akafunga vifungo vya shati.

RELI: Yule wangu alipima treni. Nzima. Na sisi ndani.

MIMI: Aliipimia wapi, Reli? Kwa mizani ya bucha?

RELI: Kwa macho! Odita anatazama gunia, anakwambia lilitoka shamba gani na jina la ng'ombe aliyelima.

WAKILI: Bibi ya gavana akinunua kofia, odita anataka risiti. Ndiyo wazee walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame.

MIMI: Hapo cha mvunguni kimeingilia wapi?

WAKILI: Kofia zinawekwa wapi, Pilipili?

Tulicheka, lakini hakuna aliyecheka kwa dharau. Mtu wetu, mtu wa benchi letu, aingie katika ofisi ya mkubwa aulize, "Hii ilikwenda wapi?" na mkubwa ajibu! Mimi sikukaa shuleni. Herufi nilizisoma kwenye magazeti ya kufungia nyama. Lakini swali hilo nalipenda tangu utoto, na limenigombanisha na watu wengi.

MAKOKHA: Wazee, msinipandishe juu bado. Hapa wanataka shahidi. Mzungu wa stoo ameshaandika ushahidi wake. Wanataka mwingine, mwenye kazi au leseni, anayeijua tabia yangu. Asiwe ndugu, asiwe mkubwa wangu, asiwe rafiki.

RELI: Niandike mimi.

MAKOKHA: Wewe ni rafiki.

RELI: Tangu lini?

MAKOKHA: Jana ulikula kwangu.

RELI: Na ugali wenyewe haukuiva.

WAKILI: Ngojeni, sheria ina dawa. Tunamkana. Kuanzia sasa mpaka treni iondoke, Reli si rafiki wa mshtakiwa.

MIMI: Mshtakiwa gani? Mtu anaomba kazi!

WAKILI: Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Reli ana upara, kwa hivyo hana pingamizi.

Reli alisimama, akahamia ncha nyingine ya benchi, akakunja mikono.

RELI: Wewe kijana wa koti, sikujui. Enda zako.

MAKOKHA: Hapana, mzee. Nikiandika wewe si rafiki yangu, nitakuwa nimewadanganya maodita kabla hawajanipa hata kiti.

WAKILI: Basi weka marehemu. Marehemu hapingwi. Kuna yule padre alizikwa juzi kule Njoro, mtu mwema sana.

MAKOKHA: Na wakimwita?

WAKILI: Hawezi kuja! Ndiyo uzuri wake. Aliye juu mngoje chini.

Hapo nikapandwa na hasira. Niliwaambia hao wazee wawili kwamba wanamchimbia mtu safi shimo la uongo, kwamba mke wake Nasimiyu atafunga vyombo kurudi kwao Kakamega kwa sababu ya ujinga wa benchi moja. Nilipiga kelele mpaka Mzee Faraj akaacha kumimina. Ndipo nikaona mwanamke amesimama kando ya kibanda changu. Alikuwa Mama Chepkurui wa Njoro, mwenye leseni ya kuuza mahindi sokoni na sauti ya kuyauzia. Makokha alimwona akatazama chini.

CHEPKURUI: Fundi, viatu vyangu?

MIMI: Tayari, mama. Utuwie radhi.

CHEPKURUI: Nimewasikia tangu kule kwa bucha. Nauliza neno moja tu. Nani kati yenu amewahi kumwomba huyu mtu ampindishie jambo kidogo, akakubali?

Reli alikagua kucha zake. Wakili alikagua za Reli. Mimi nikamnyoshea viatu vyake.

CHEPKURUI: Haya. Leteni hiyo karatasi.

MAKOKHA: Mama, wewe...

CHEPKURUI: Si wanataka asiye rafiki? Mimi sikupendi. Ulinirudishia magunia yaliyonyeshewa, pale stoo, mbele ya kina mama wote wa kanisa. Nikakaa barabarani nione kama lori la mzungu mwenye shamba litapokewa, maana mahindi yake yalinyeshewa na mvua ile ile. Nalo likarudishwa! Nikakosa hata cha kukutukania. Tangu siku hiyo sikusalimu. Nimekusalimu leo?

MAKOKHA: Hapana, mama.

CHEPKURUI: Na sitakusalimu. Naandika wapi?

Wakili alitoa kalamu sikioni, akampa bila hotuba. Mama Chepkurui akaketi katikati yetu, fomu juu ya goti, akaandika jina lake kwa herufi kubwa za darasa la kanisani.

CHEPKURUI: Hapa wanauliza namjuaje.

WAKILI: Andika, "kwa tabia yake njema na adhimu."

CHEPKURUI: Naandika lililotokea. "Nilimletea... mahindi... yenye maji. Akayakataa. Nikamwomba. Akakataa tena."

Makokha aliona haya kwa ajili yake. Akainama, akasema kwa sauti ya chini:

MAKOKHA: Mama, hayakuwa na maji sana. Ulikuwa unyevu kidogo tu.

Kalamu ikasimama. Mama Chepkurui akamgeukia.

CHEPKURUI: Unyevu? Mahindi yalikuwa yanaota ndani ya gunia! Sikia, kijana. Ukinipunguzia hata tone moja, nafuta jina langu.