Kiganja Juu ya Pembetatu

Mheshimiwa Afisa Elimu, Mwalimu Mkuu uliyetuazima madarasa yako kila jioni, walimu, wahitimu wenzangu, wazazi wetu, na ninyi wajukuu mnaokimbizana huko nyuma: habari za mchana.

Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya darasa la watu wazima. Mimi ni mfagiaji wa wodi hospitalini, na bila kufaulu hesabu nisingepokewa chuo cha uuguzi. Mwalimu wetu wa hesabu ni binti yangu wa kumzaa. Nikimsifu mtasema najipigia debe, lakini nitamsifu hivyo hivyo.

Nani hapa hajawahi kuponzwa na mchoro? Unaitazama pembetatu, unaona pembe inafanana na nyuzi sitini, unajibu sitini, umekwisha. Mwalimu akatuzoeza kuufunika mchoro kwa kiganja, kusoma maneno kwanza, kisha kuchora wetu pembeni.

Siku ya mtihani, swali likasema pande mbili zinalingana, na pembe iliyo kati yake ni nyuzi themanini na nne. Tafuta moja ya zile mbili zilizobaki. Nikafunika. Msimamizi akanijia mbio.

"Mama, inua mkono! Unaficha nini?"

"Pembetatu, baba."

"Unaificha ya nini?"

"Inadanganya."

Akasema karatasi anaichukua. Niliogopa, jamani, nikaona chuo kinaota mbawa. Bahati nzuri akaitupia macho safu nzima: fundi cherehani kafunika, dereva kafunika, muuza mboga kafunika. Akatuinua viganja kimoja kimoja, asikute kitu, akaniachia. Nikatoa themanini na nne kwenye mia na themanini, nikagawa kwa mbili, nikapata arobaini na nane. Na ile sitini ilikuwapo kwenye majibu ya kuchagua, inanisubiri.

Nilipotoka nilimkuta mwalimu wangu kakaa ngazini, analia. Akaniambia, "Mama, usingebeba mimba yangu, haya ungeyamaliza ukiwa msichana." Kumbe miaka yote alikuwa anatembea na hilo moyoni! Liliniuma kuliko mtihani.

Mwanangu, simama nikujibu mbele ya watu hawa. Mimi sikuacha shule, nilifukuzwa. Waliokaa kikao wakanifukuza walikuwa watu wazima, wenye akili zao timamu. Wewe ulikuwa hata hujazaliwa.

Nakushukuru, mwalimu wangu. Nanyi nyote, asanteni kwa kunitegea sikio.