Bahasha za Kaki za Mama Chilongani

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Mama Evarista Chilongani anastaafu tarehe 30 Juni. Jamani, ofisi itapwaya.

Alianza kama karani wa masijala, akajisomesha jioni hadi akawa mkaguzi wa hataza, yaani haki anayopewa mtu juu ya uvumbuzi wake. Akitoka kwao Mtera alituletea perege wakavu, na majalada yakanukia perege wiki nzima. Nani angelalamika? Tulikula wote.

Kazi iliyompa jina ni kuamua kama uvumbuzi ni jambo la wazi, ambalo fundi yeyote wa kawaida angelifikia. Likiwa la wazi, hakuna hataza. Kwa miaka sita sasa amekuwa akisoma tatizo kwanza. Jibu la mwombaji linakaa ndani ya bahasha ya kaki hadi amalize kufikiri. Wageni walimcheka. Sababu tuliijua wawili tu, yeye na mimi.

Miaka sita iliyopita Sila, kijana wa Kongwa aliyeacha chuo ili aibuni, aliomba hataza ya skrini ya simu. Wafugaji wasiojua kusoma, wanaouza mifugo kwa simu, walikuwa wakiuza ng'ombe bila kukusudia, kwa kubonyeza kimakosa. Kwenye skrini yake, ukibonyeza kuuza, picha ya ng'ombe inatembea taratibu kuelekea zizi la mnunuzi. Ukigusa popote inasimama, na mauzo yamekufa. Mama alimkatalia: jambo la wazi. Sila akaja na barua mkononi, akatoa shikamoo, akauliza kama ni wazi hivyo, mbona hakuna aliyewahi kuifanya?

Swali lile lilimkaa Mama rohoni. Akawapa waunda programu watatu tatizo bila jibu. Wote waliweka maandishi ya Ndiyo na Hapana, kwa watu wasiojua kusoma! Mama akatengua uamuzi wake, akaandika jaladani kwamba kosa ni lake: alilijua jibu kabla ya kulifikiria swali, na jibu ukishalijua huonekana la wazi. Sila akapata hataza yake.

Sasa niseme. Jibu lile la Sila alilisikia kwangu. Mimi ndiye niliyepokea maombi, nikamsimulia kwenye chai ya saa nne huku nikicheka, kabla hajafungua jalada. Jina langu hakuliandika popote, wala hakunigusia siku hata moja. Kesho yake baada ya kutengua uamuzi, alinipa boksi la bahasha niwe namfungia humo majibu ya waombaji.

Mama, asante, na unisamehe. Tunakuombea afya tele huko Mkonze unakohamia, zabibu zizae na wajukuu wakusumbue vizuri. Boksi limebaki mezani kwangu. Kuanzia Julai, bahasha nitawafungia wakaguzi waliobaki.

Harithi, kwa niaba ya wakaguzi wote