Pigo Ambalo Mzee Hakuliona

Treni ya Broad Street ilijaa watu wa Philadelphia wakiimba, maana timu yao ya besiboli ilikuwa imeshinda mechi ya mtoano kwa pigo la mwisho kabisa, mpira ukapita juu ya ukuta na kuleta alama mbili. Vernita naye aliimba, mpaka alipochungulia karatasi ya mzee aliyeketi ubavuni mwake. Mzee huyo alikuwa ameandika kila pigo kwa penseli, ila katika kisanduku cha mwisho aliandika: "Sikuona."

"Mzee, hilo ndilo pigo la ushindi. Lijaze basi."

"Nilikuwa chooni."

"Kwani kelele hukusikia?"

"Nilisikia. Lakini humu naandika nilichokiona kwa macho yangu, miaka thelathini sasa."

"Haya, jumlisha tuone."

Mzee akajumlisha, akarudia, kisha akavua kofia. "Tatu kwa mbili. Tumefungwa."

"Umefungwa wewe. Usinichurie, mzee wangu. Lete hiyo penseli."

Mzee akaikalia karatasi. Treni iliposimama kituo cha Girard aliteremka nayo, kichwa chini, mtu pekee aliyefungwa katika mji mzima, na waimbaji wakanyamaza wakampisha kama mfiwa.