Askofu Afande, Aliyevunja Fimbo ya Kanisa kwenye Wadi ya Hail

Wapendwa mliofika, ninyi mlioombewa ruhusa kwa mabibi mnaowafanyia kazi na ninyi mliotoroka mkaacha sufuria motoni, familia inawakaribisha msikie ndugu yetu alivyoishi, na atakayeshikwa na kicheko acheke, kwa sababu mwenyewe alikuwa hawezi msiba mkavu.

Baba Askofu Erisa Kasule alizaliwa tarehe 9 Mei 1962, katika kambi ya jeshi ya Jinja, Uganda, mtoto wa kwanza wa kiume wa Sajini Mukasa, na kwa kuwa kambini kila nyumba ilikuwa na kabila lake, Kiswahili ndicho kilichomlea, na mama yetu alikuwa akisema mtoto huyu alijua kupiga saluti kabla hajajua kunawa uso. Alisoma shule ya kambini hadi darasa la saba, mwaka 1976, hesabu zikamshinda, kupigana hakukumshinda, mwalimu akamwambia baba kwamba huyu ama atakuwa askari ama atakuwa balaa.

Mwaka 1986 alijiunga na jeshi, akapanda hadi cheo cha sajini, akaogopwa na maadui na hata na wapishi wa kambi. Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Rebeka Nalubega, hapo hapo Jinja, baada ya Rebeka kutamka mbele ya wazee kwamba yeye halali kwenye kitanda chenye bunduki uvunguni, na bwana harusi akairudisha ghalani siku hiyo hiyo, watu wakitazama. Mungu akawapa Daudi mwaka 1994 na Ruth mwaka 1997. Baadaye akaokoka, akawa mchungaji wa askari wenzake, na mwaka 2005 akastaafu.

Machi 2006 alifika hapa Muscat, Oman, kulinda majumba ya Madinat Sultan Qaboos, na Rebeka akamfuata, akapata kazi ya kupika katika mtaa wa Hail. Ijumaa, siku ya mapumziko, aliwakusanya mabinti wa kazi za ndani kwa ibada, akawapanga mistari kabla ya meza ya Bwana kama gwaride, na aliyechelewa aliulizwa alikuwa vita gani, ndiyo maana mkamwita Askofu Afande hata kabla hajawa askofu. Uaskofu wenyewe aliupata tarehe 18 Oktoba 2015, kule Jinja, akapewa pete na fimbo ya mti wa mvule, akala kiapo cha kanisa letu dogo, kwamba askofu atakayeinua mkono kwa kupigana atavirudisha vyote viwili, na sisi tuliomjua tangu utoto tukashusha pumzi kwa shida.

Basi tarehe 3 Oktoba 2021, siku ile ya kimbunga, alikuwa Hail akitoka kumwombea mgonjwa, joho lake mwilini na fimbo mkononi, akaona wadi, lile bonde la mto lililo kavu siku zote, imeshuka kwa mafuriko na maji yamelibana gari, na ndani yake Bi Kheiria, bibi wa Kiomani aliyezaliwa Unguja, pamoja na mwanawe Ghanim, milango haifunguki. Aliingia na joho lake hadi kiunoni, akakipiga kioo mpaka kikapasuka na fimbo ikakatika vipande viwili, akawatoa wote wazima. Kumbe mtu juu ya daraja alikuwa anarekodi kwa simu, na video ikamwonyesha askofu tu, akilitukana gari matusi ya kambini na kulicharaza, nayo ikafika Jinja joho likiwa bado linachuruzika kwenye kamba.

Baraza la wazee lilimpigia simu Ijumaa baada ya ibada, kila mtu akisikia. Rebeka alijua mumewe hatajitetea, kwa maana mwenyewe alikuwa amemwambia kwamba alipokipiga kile kioo aliisikia raha ile ya ujana, na askofu haimpasi. Mwenyekiti akauliza kama alipiga kwa hasira.

"Hapana mzee, nilipiga kwa furaha, na hiyo ndiyo inayoniogopesha," akajibu, akaanza kuivua pete.

Bi Kheiria, aliyekuja na sinia la haluwa kutoa shukrani na kuketi nyuma kati ya mabinti, aliinuka akaichukua ile simu bila kuomba.

"Jamani wazee, mie ndo nilokuwa ndani ya gari hiyo, maji yashanifika kidevuni. Angelinijia na uso wa huzuni, ningelikufa kwa khofu kabla ya maji. Mwacheni na furaha yake."

Jinja nzima ikaangua kicheko, na mwenyekiti akaamuru pete irudi kidoleni. Ghanim akaleta bakora ya Kiomani, nyembamba, ile wanayoshika wanaume harusini, na baraza likairuhusu isimame madhabahuni mahali pa fimbo iliyokatika.

Ugonjwa wa figo ulianza Januari 2024, akaupokea kwa mizaha, akabatiza na kufungisha ndoa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mpaka alipoitwa, alfajiri ya Ijumaa, tarehe 14 Novemba 2025. Ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu, na mwili utasafirishwa kwenda Jinja kwa maziko.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia nyimbo zetu wodini, walinzi wenzake waliobadilishana zamu ili wamwogeshe, majirani wa Hail, na Bi Kheiria pamoja na nyumba yake, ambao wamepika chakula cha leo chote. Wazee wa Jinja wameuliza kama pete ivuliwe, irithiwe, na wao wenyewe wakajijibu kabla hatujajibu, kwamba abaki nayo.

Pumzika kwa amani, Baba, unalala ukiwa Askofu.