Mwalimu Salome na Mkataba wa Nyama ya Jumamosi

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Historia, Mwalimu Salome Kalisti anastaafu. Chaki zilizobaki atazirudisha stoo. Sauti yake hatujui itarudishwa wapi.

Alianza kazi Geita, ambako nusu ya darasa lake la kwanza ilihamia machimboni kabla mada haijaisha. Akaja kwetu Ushirombo, akakaa.

Kwa wasiosoma Historia, nieleze kidogo. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, washindi waliiandikia Ujerumani mkataba kule Versailles: ilipe fidia na ibebe lawama. Mwalimu Salome hufundisha kwamba mkataba wa namna hiyo ukirekebishwa mapema, majirani hupumua; ukiachwa, chuki hukomaa. Sisi tulidhani hayo ni ya mtihani tu.

Kisha likaja bonanza la shule. Wavulana wa bweni la Kishapu na wa bweni la Segese walipigana uwanjani, Kishapu wakachapika. Mwalimu wa nidhamu wa wakati huo, Bwana Edward, kwa kupenda amani, akawaachia washindi waandike masharti. Kishapu wakasaini kwamba wao peke yao ndio wakosaji, na kwamba nyama yao ya kila Jumamosi itakwenda Segese hadi mwaka uishe.

Segese wakanenepa. Kishapu wakaacha kusalimia, wakaanza kuficha fimbo chini ya vitanda. Mkuu wa shule akatangaza kwamba fimbo moja ikiinuliwa, kidato cha nne wote watarudi makwao, na mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni.

Mwalimu Salome akamwomba mkuu Jumamosi moja tu. Akawaita jikoni viranja wa mabweni, Benedict wa Kishapu na Meshack wa Segese, kisha akamwagiza mpishi wetu, Mama Dorah, asipakue chochote hadi mkataba urekebishwe. Shule nzima ikasimama foleni na sahani, ikitoa ushauri wa kidiplomasia usiofaa kuchapishwa hapa.

Meshack, aliyezidiwa na njaa kuliko wote, akajitolea kurudisha nyama yote. Benedict akakataa.

"Nyama kuleni tu, ndugu yangu," alisema. "Futeni pale mlipoandika sisi peke yetu."

Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake, Mwalimu Salome hakuongeza maelezo. Meshack akaomba kalamu. Akafuta, akaandika kwamba mabweni yote mawili yalipigana. Nyama ikagawanywa sawa, ikiwa imepoa, na Jumamosi iliyofuata Mama Dorah akaipika kwa kuni za zile fimbo, walizosalimisha Kishapu. Kidato cha nne wakafanya mtihani, wote.

Leo Benedict na Meshack wana gereji moja mjini Geita. Wamechangia ng'ombe wa sherehe hii, na bado hawajakubaliana nani alirusha ngumi ya kwanza.

Mwalimu Salome, asante kwa yote uliyotufundisha, hata yale tuliyokwisha kuyaelewa. Tunakuombea afya, mapumziko matamu, na wajukuu wapendao maelezo marefu.