Historia ya Mwalimu Timazi, Aliyefutwa Ubaoni

Ndugu waombolezaji, ile bahasha ya laki tano iliyoletwa jana na wajumbe wa chuo imerudishwa asubuhi ya leo kama ilivyokuja, pamoja na karatasi iliyokuwa ndani yake, ambayo ilitaka historia hii iseme kwamba marehemu alikuwa mtunza stoo wa chuo, basi. Ndiyo sababu mmekaa juani mkisubiri, maana humo ndani kulikuwa na mabishano, shangazi yetu akisema, "Pokea mwanangu, msiba si mahali pa kugombana," na mdogo wake marehemu, huyu fundi wa kuandika vibao mnayemwona amesimama mbele yenu, akijibu, "Shangazi, wala si mahali pa kuuzia marehemu." Shangazi yuko pale, amenuna, lakini hajaondoka. Sasa tusome.

Dada yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1955, katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa mwashi na mshona nguo, na aliyemfuata ni mmoja tu, yaani huyu fundi vibao. Baba alizoea kumchukua kazini amshikie timazi, ule uzi wenye chuma kizito chini unaoonyesha kama ukuta umesimama wima, na mama akawa anasema mtoto ameumeza uzi huo, maana tangu hapo hakuweza kuona kitu kimepinda akanyamaza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1962, akamaliza sekondari mwaka 1973, akaingia chuo cha ualimu Januari 1974 na kuhitimu mwishoni mwa mwaka uliofuata. Mdogo wake aliishia darasa la saba, na mengine yote aliyapata kwa kusoma vibao vya watu na kuviandika upya, kwa hiyo historia hii ikiwa na makosa ya kishule, makosa ni ya msomaji, ukweli ni wa marehemu.

Alifundisha shule za msingi miaka kumi na miwili, kisha tarehe 4 Januari 1988 akarudi chuoni kwake akiwa mkufunzi wa maadili ya ualimu, somo ambalo wengi waliliona kama saa ya kusinzia, mpaka walipomwona mlangoni. Aliwafundisha vijana wanaojiandaa kuwa walimu kwamba mtoto wa mtu hatumwi kuchota maji ya nyumbani kwa mwalimu, kwamba aliyeshindwa swali hachekwi mbele ya wenzake, kwamba ukikosea ubaoni unafuta wakiwa wanakuona na unakiri umekosea, na kwamba alama si zawadi, humpi mtu kwa kuwa unampenda wala humnyimi kwa kuwa amekuudhi. Hao ndio waliombatiza jina la Timazi, bila kujua ya baba, naye akalipokea akawaambia, "Afadhali mimi mmenipa kifaa cha kazi, mwenzangu wa hisabati mmemwita Jogoo."

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1982 na mpima ardhi, mtu mpole, mwepesi wa kucheka, wakajaliwa binti mmoja, ambaye ni muuguzi na yupo hapa nasi. Mpima ardhi alifariki mwaka 1996 kwa maradhi ya ini, binti akaenda masomoni, na meza ya nyumba ile ikabaki na viti vitatu na mkaaji mmoja.

Wasioijua kazi hii waelewe kwamba wanachuo hupelekwa shule za msingi kufanya mazoezi ya kufundisha, wakufunzi huwafuata wawili wawili kuwakagua na kuwapa alama, na imezoeleka kwamba wakaguzi huandaliwa chakula kizuri ofisini, ambacho aghalabu huchangwa na hao hao wanaosubiri alama. Timazi hakula. Alibeba mkate na yai la kuchemsha ndani ya kopo, akala darasani watoto wakiwa wametoka, amejikunja kwenye dawati dogo, magoti yanagusa mbao, huku vicheko vya wenzake vikimfikia kutoka ofisini. Hakumkataza mtu kula, lakini mkono usioingia kwenye sahani huwaudhi walioko sahanini, wakaanza kusema, "Huyu anatuona walafi," na chai ya saa nne ikawa inanywewa upande mmoja wa chumba, naye yuko upande wa pili na kikombe chake.

Tarehe 17 Juni 2008 alikwenda kumkagua kijana mmoja, mtoto wa mjumbe wa bodi ya chuo, akakuta darasa ambalo kila swali mikono yote inakwenda juu, na kila anayeteuliwa anajibu sawasawa. Mwenzake alikuwa ameshaketi ofisini na sahani. Timazi akakaa nyuma, akatazama, ndipo alipoona kwamba wengine wananyoosha mkono wa kulia na wengine wa kushoto, na kasichana kamoja kalikoanza na wa kushoto kakakumbuka jibu, kakabadilisha mkono haraka, uso unang'aa. Walikuwa wamepangwa, anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto, mgeni aone darasa zima lina akili. Akamwomba kijana awaulize wa kushoto, mikono ile ikashuka mmoja mmoja. Hakumfokea mbele ya watoto, alimtoa nje akamwambia, "Mwanangu, umewafundisha darasa zima kudanganya kwa mpangilio, kwa nguvu hiyo hiyo wangeshajua hesabu." Akampa alama ya kushindwa, na mwenzake, ambaye hakukanyaga darasani, akampa ya juu kabisa.

Mkuu wa chuo wa wakati huo akawaita wapatane, akasema, "Mama, alama ni namba tu, sogeza kidogo," naye akajibu kwamba yeye aliliona somo kwa macho, mwenzake aliliona kwa pua. Mwezi haukwisha akahamishiwa stoo, na alama ikasogezwa bila yeye.

Huko alikaa hadi alipostaafu Machi 2015, kati ya mabomba ya maji na viti vilivyovunjika miguu. Mlinzi wa lango, mtu pekee aliyeendelea kumwamkia kila siku, alimkuta mchana mmoja amevipanga viti vile mistari na anasoma somo lake kwa sauti, akamtania, "Mwalimu, leo wamehudhuria wote," naye akajibu, "Na hakuna anayenong'ona."

Sasa lile ambalo karatasi ya chuo ililikwepa. Ukumbini kuna ubao wenye majina ya wakufunzi wa kila somo na miaka yao, na wanachuo wapya husimamishwa mbele yake siku ya kwanza. Jina la dada lilipakwa rangi nyeupe, juu yake likaandikwa la yule aliyekuwa ofisini na sahani, eti alifundisha maadili tangu 1988. Fundi vibao alikwenda kuuona, akakuta rangi imepigwa mkono mmoja tu, yaani safu moja nyembamba, mwanga ukiingia kwa pembeni herufi za chini zinajitokeza, maana hata kazi ya kufuta hawakuifanya kwa uaminifu. Dada aliposikia alisema, "Mimi wanipeleke wanakotaka, ila wale vijana wanaanza kufundishwa maadili na ubao mwongo."

Baada ya kustaafu aliishi nyumba ya vyumba viwili, na simu yake haikulia sana, hata aliyekosea namba alimpokea kwa heshima zote, akamwuliza habari za nyumbani kwanza, ndipo akamwambia amekosea.

Aliugua saratani ya tumbo Januari 2023, akalazwa tarehe 2 Mei, na akafariki tarehe 21 Mei, saa tisa alasiri, binti yake akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, jirani muuza mkaa aliyemchotea maji pasipo kuombwa, na mlinzi wa lango, aliyekuja kwa miguu. Wenzake wa kazi, tumewaona mmekaa nyuma, asanteni kwa kuja, chakula kipo, kuleni bila wasiwasi, hapa hakuna anayetafuta alama.

Dada, pumzika kwa amani, umesimama wima vya kutosha.

Na ninyi wa chuo, tunadai jina lake ubaoni, 1988 hadi 2008, kwa herufi nyeusi. Rangi na brashi fundi anavyo. Jumatatu mfungue ukumbi.