Mama Léocadie na Karatasi Ndogo za Dawa

Ijumaa hii, tarehe 29 Septemba 2023, Mama Léocadie Nabintu anakabidhi funguo za farmasi ya kituo chetu cha afya hapa Kasenga, mjini Uvira, baada ya miaka thelathini na moja ya kazi. Pamoja na funguo anaacha lenzi yake ya kukuzia maandishi, na agizo kwamba isitumiwe kusomea ujumbe wa simu.

Alianzia Kiringye mwaka 1992, akipima uzito wa watoto, kisha akahamia kwetu kutunza dawa. Kila katoni ilipofika, alitoa karatasi ya maelezo akaisoma yote, hata upande ulioandikwa kwa lugha isiyojulikana na mtu yeyote Uvira. Sisi wengine karatasi hizo tulifungia karanga.

Mwaka 2014 alifika Firmin, delege wa kampuni moja ya dawa, yaani mtu wa kuzunguka vituoni akizisifu. Alileta sirapu aliyoiita vitamini, ya kuwapa watoto hamu ya kula, na miavuli ya njano yenye jina la sirapu hiyo. Baada ya wiki moja tulikuwa wa njano sote, na wagonjwa wakauliza kama kituo kimeuzwa. Mama Léocadie pekee aliendelea kulowa. Alisema yeye na mvua ya Uvira wamezoeana.

Firmin aliahidi zaidi: semina ya hoteli Bujumbura kwa Daktari Toussaint, mkuu wetu, na friji ya chanjo kwa kituo, mradi sirapu itoke kwa wingi. Ikatoka. Tuliwaandikia hata watoto waliokuwa wanamaliza sahani za kaka zao.

Ndipo Mama Jolie wa Mulongwe akamleta mwanawe Merdi, wa miaka minne, aliyekuwa anasinzia siku ya tatu, chakula kikiwa mdomoni. Mama Léocadie aliomba chupa ya sirapu aliyopewa, akafungua karatasi yake, akachukua lenzi. Ilikuwa dawa ya mzio, yenye kuleta usingizi. Akaisimamisha. Baada ya siku mbili Merdi alikuwa anakimbiza kuku.

Alhamisi iliyofuata alimngoja Firmin mbele ya wafanyakazi wote.

“Firmin, mwanangu, hii dawa iko vitamini?”

“Iko kama vitamini, mama.”

“Minye nimeuliza iko nini. Sikuuliza iko kama nini.”

Daktari Toussaint akasema sirapu itoke kwenye rafu, na Bujumbura ataenda siku nyingine kwa miguu yake.

Friji haikuja. Kwa miezi saba, kila siku ya chanjo, Mama Léocadie alipanda pikipiki kwenda kuchukua kisanduku cha barafu kwenye ofisi ya zoni ya afya, kwa sababu baadhi yetu tulisema aliyetukosesha friji na abebe barafu. Alibeba. Alilalamikia tu uendeshaji wa yule wa pikipiki. Mwishowe zoni ikatupatia friji, yenye kelele kama kinu cha mihogo.

Sasa anayeandika haya, muuguzi Sévère, aseme lililobaki. Ordonansi ya Merdi, yaani cheti chake cha dawa, ilikuwa na saini yangu. Mama Léocadie aliiona siku ileile, na mkutanoni hakunitaja. Kesho yake tulitembea naye hadi Mulongwe, kwa Mama Jolie. Mlangoni aliniambia, “Weye ndiye utasema.” Nikasema. Mama Jolie akanipa mtoto wake mwingine nimwangalie sikio.

Tangu hapo delege yeyote huzungumza mbele yetu sote, karatasi ya dawa mkononi, na zawadi zake hubaki garini. Wengine hawakurudi tena. Firmin alirudi, mikono mitupu, na siku hizi huuliza maswali mengi kuliko sisi.

Mama Léocadie, asante kwa watoto walioamka, na kwa muuguzi mmoja aliyeamka pamoja nao. Huko Kiringye unakorudi upate mahindi mengi, magoti yasiyouma, na asubuhi ndefu zisizo na maandishi madogo. Uishi vema, mama yetu.